Mbegu Ilifika 1935, Mwenye Ng'ombe Mmoja Bado Anapiga Simu

Leo hakuna Fort Jesus, hakuna milango ya nakshi, hakuna historia ya Mji wa Kale kwa dakika moja. Leo ni ng'ombe. Najua, najua. Mimi mtoto wa Kibokoni, ng'ombe wa karibu nami ni yule anayening'inia buchani, na mwengine yumo ndani ya pakiti ya maziwa dukani. Lakini nisikizeni, maana kuna jambo limenikaa rohoni tangu niache chuo, na nikizidi kulinyamazia nitapasuka.

Wanaonifuata kitambo wanajua nilisomea mambo ya mifugo huko bara miaka miwili, kabla karo haijanishinda. Darasa zima lilikuwa la watoto waliokulia kwenye zizi. Mimi ndiye niliyeinua mkono kuuliza mtamba ni nani. (Ni ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Walicheka wiki nzima.) Siku tuliyofundishwa kupandisha ng'ombe kwa mrija, ile ya kuvaa glavu ya plastiki mpaka begani, niliona nimekuwa daktari. Likizo ilipofika nikashuka Mombasa, nikamhadithia bibi yangu barazani, baina ya kahawa na kashata.

"Yaani mtu mzima, na elimu yake, yuwatia mkono humo?"

"Ndiyo, bibi."

"Na fahali mwenyewe yu wapi?"

"Fahali yuko Kabete, Nairobi."

"Fahali yuko Kabete, ndama azaliwa Kilifi?"

"Naam, bibi."

Akanyamaza. Akanywa kahawa yake. "Na kwa hayo chuo chataka karo."

Basi mwaka huohuo ami yangu aliyeko Takaungu akanunua ng'ombe mmoja wa gredi, chotara, kwa pesa za mauzo ya kiwanja. Akanipigia simu kwa furaha: nawe ni mtaalamu, tusaidie. Nikamwambia, ami, ukimwona anapanda wenzake au anatulia akipandwa, ana joto. Ukiliona joto asubuhi, jioni apandishwe. Ukiliona jioni, apandishwe asubuhi inayofuata. Usingoje, joto lenyewe halimalizi siku nzima. Ami akaliona joto alfajiri baada ya swala. Akampigia simu mtu wa mbegu. Mtu wa mbegu alikuwa mbali, pikipiki ina shida, angekuja. Alikuja kesho yake adhuhuri. Ami akalipa. Ng'ombe hakushika. Baada ya siku 21 joto likarudi, simu ikapigwa, hadithi ikawa ileile. Mara ya tatu pia. Miezi miwili na ushei, malisho yanaliwa, pesa zinatoka, na maziwa hakuna, kwa sababu ng'ombe asiyezaa hakamuliwi.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Hii kazi si mpya. Kenya imekuwa ikiifanya kabla bibi yangu hajazaliwa. Mbona ami bado anapiga simu?

Watu hupenda kuianzisha hadithi hii kwa Waarabu. Husemwa kwamba mnamo 1322 chifu mmoja wa Kiarabu alitaka damu ya farasi dume wa hasimu yake, akatuma mtu usiku na pamba, pamba ikachovywa, ikapelekwa kwa farasi jike wake. Ni hadithi tamu na barazani kwetu ingesimuliwa mpaka isha, lakini ni hadithi. Kilichoandikwa kwa ushahidi ni kwamba padri Mtaliano, Lazzaro Spallanzani, alimpandisha mbwa jike namna hii karibu na 1780, na kwamba Mrusi Ilya Ivanov ndiye aliyeigeuza kuwa kazi ya mashambani, kwanza kwa farasi, mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa Kenya. Mwaka 1935. Sikiliza sababu, kwa sababu sababu ndiyo inayoeleza mengine yote. Walowezi walikuwa wameleta ng'ombe wa Ulaya nyanda za juu, na fahali mmoja alikuwa akipita kwa majike wengi. Magonjwa ya kupandana, trikomoniasi na vibriosi, yakaenea: mimba zinatoka, ng'ombe hawashiki. Daktari wa mifugo James Anderson akaanza kupandisha kwa mkono ili fahali na jike wasigusane kabisa. Kwa hiyo huduma hii ilianza kama kinga, na ilianza kwa ajili ya mifugo ya mlowezi. Mwaka 1946 kikajengwa kituo kikuu cha mbegu Lower Kabete, kilekile ambacho tangu 2011 kinaitwa Kenya Animal Genetic Resources Centre. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kuifanya kazi hii kwa wingi, na hapo tujipe sifa. Ila "Kenya" ya wakati ule ilikuwa na maana yake. Mwafrika kwa sehemu kubwa alizuiwa kufuga ng'ombe wa gredi, na mlango ulifunguliwa hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, Mau Mau ikiwa imepamba moto na serikali ya kikoloni ikitafuta namna ya kutuliza watu. Hesabu: 1935 mpaka 1954. Miaka 19 mbegu iko nchini na wewe huna ruhusa ya kuwa na ng'ombe wa kuipokea.

Katikati hapo palitokea kitu ninachokipenda sana. Tatizo kubwa la mbegu lilikuwa kwamba ikiwa mbichi hudumu siku chache tu. Ukiigandisha inakufa. Uingereza, mwaka 1949, kijana mmoja mtafiti aitwaye Chris Polge alikuwa akijaribu kugandisha mbegu za jogoo kwa sukari ya matunda, na kila mara zinakufa. Siku moja zikaishi. Walipochunguza wakakuta chupa waliyoitumia ilibandikwa lebo isiyo yake: ndani hamkuwa na sukari ile, mlikuwa na gliserini iliyochanganyika na ute wa yai. Lebo imekosewa, dunia ikabadilika! Kuanzia hapo mbegu ingeweza kukaa ndani ya mtungi wa baridi kali, siku hizi wa naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sufuri, na fahali akawa anazaa watoto hata baada ya kuchinjwa.

Ukiwa na mbegu iliyoganda, umbali wa Nairobi na Mombasa, karibu kilomita 480, hauui mbegu tena. Unaua kitu kingine, nitakifikia.

Baada ya uhuru serikali ikafanya jambo ambalo vijana wa rika langu hatujawahi kuliona. Mwaka 1966 ilianzisha huduma ya kitaifa ya kupandisha ng'ombe, na Waswidi wakaisaidia. Gari la serikali lilikuwa na njia yake na saa yake. Kando ya barabara palikuwa na kizimba cha miti. Mwenye ng'ombe anamleta ng'ombe wake mwenye joto, anamfunga, anangoja. Gari linakuja, ng'ombe anapandishwa, ada ndogo mno, gari linaendelea na safari. Haikuwa lazima uwe na simu. Haikuwa lazima ujuane na mtu. Kufikia 1979 ng'ombe zaidi ya laki tano walipandishwa kwa mwaka mmoja. Yule mzee wa Nyeri au Kiambu mwenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba alikuwa anapata mbegu ya fahali yuleyule wa shamba kubwa. Wengi wa wale wenzangu waliokuwa wakinicheka darasani walisomeshwa na maziwa ya mabinti na wajukuu wa ng'ombe wale. Sisemi kwa wivu. Au nasema kwa wivu kidogo.

Kisha likaja wimbi la kubana matumizi, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990. Wakopeshaji wa nje wakataka serikali ijitoe, watu binafsi washike. Magari yakasimama. Hesabu ya ng'ombe waliopandishwa ikaporomoka. Vizimba vya barabarani vikaliwa na mchwa. Najua kuna watakaonijibu kwamba soko ndilo lililotuletea mbegu za kila aina: za Marekani, za Uholanzi, mpaka mbegu zilizochambuliwa zizae majike tu. Ni kweli, sikatai. Mwenye ng'ombe 40 Nakuru leo ana uteuzi ambao mlowezi wa 1935 hakuuota. Lakini mtu binafsi anapiga hesabu ya petroli. Kwenda Takaungu kwa ng'ombe mmoja si sawa na kwenda mtaa wa Githunguri ambako kila boma lina watatu. Simlaumu yule mtu wa pikipiki aliyemchelewesha ami yangu. Naye ana watoto. Nasema tu kwamba gari lenye saa lilitoa haki, na simu inatoa bahati.

Na Pwani je? Hata gari lilipokuwa na saa zake, Pwani hatukuwa mstari wa mbele. Sababu moja imebeba jina letu kabisa. Mwaka 1902 ng'ombe walionunuliwa pwani ya Afrika Mashariki wakashushwa Beira kupelekwa Rhodesia, ambako sotoka ilikuwa imemaliza mifugo. Walipofika, ng'ombe wa kule wakaanza kufa ovyo. Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa ameshauona ugonjwa huo Dar es Salaam, akaitwa kuchunguza, na dunia ikauita homa ya Pwani ya Mashariki. Ndigana. Huletwa na kupe. Ng'ombe wa kienyeji wa hapa wengi walikua nao na kuuzoea. Friesian safi akishuka Kilifi bila kinga, ni kama kumleta mtu asiyejua kuogelea ukamrusha pale Mlango wa Papa. Ongeza mbung'o na nagana. Kwa hivyo mrija wa mbegu ya Ulaya peke yake, hapa kwetu, ni ahadi ya kifo cha polepole: ndama atazaliwa mzuri, mwenye madoa ya kupendeza, kisha kupe.

Waliofaulu hapa walifanya kwa njia nyingine. Shamba la Kilifi Plantations lilijulikana kwa kuchanganya Ayrshire na Sahiwal kwa zamu, kizazi hiki fahali wa huku, kizazi kijacho fahali wa kule, ili maziwa yawepo na ugumu usipotee. Sahiwal ni ng'ombe wa Punjab, walioanza kuletwa Kenya 1939; ndugu zetu wenye asili ya huko wakiliona jina hilo hucheka. Baadaye, miaka ya 1980, mradi wa kitaifa wa maziwa uliosaidiwa na Waholanzi ulikuja Kilifi na Kwale, na watafiti wa Mtwapa wakashirikiana na wenzao wa kimataifa kumtafutia mfugaji mdogo wa Pwani njia. Hata chanjo ya ndigana iliyojaribiwa huku ilitengenezwa kwa vimelea vilivyochukuliwa kijijini Marikebuni, huko upande wa Malindi. Watu wa Marikebuni wangapi wanajua jina la kijiji chao limo kwenye majarida ya sayansi ya dunia nzima?

Sasa tupande ngazi moja. Mrija wa mbegu unasambaza fahali. Lakini ng'ombe jike bora bado huzaa ndama mmoja kwa mwaka, ukibahatika. Kuhamisha kiinitete ndiko kunakomsambaza jike. Anachomwa homoni siku kadhaa ili apevushe mayai mengi badala ya moja, anapandishwa, na siku ya saba tumbo lake la uzazi linasafishwa kwa maji maalumu. Maji yale yanachunguzwa chini ya hadubini, vinatafutwa viinitete, pengine vitano au sita vizuri, pengine hakuna hata kimoja. Kila kimoja kinawekwa ndani ya jike mwengine wa kawaida ambaye joto lake limelinganishwa na la mama. Yule wa kawaida anabeba miezi tisa, anazaa, ananyonyesha mtoto ambaye si damu yake. Nilipomweleza bibi hili alisema, "Huyo ni yaya." Sijasikia maelezo bora zaidi darasani.

Nalo si jipya. Mwingereza Walter Heape alifanya kwa sungura 1890. Ndama wa kwanza wa namna hii alizaliwa Marekani 1951, na wa kwanza aliyetoka kwenye kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Cambridge 1973. Miaka kumi tu baadaye, 1983, jambo hili lilikuwa Kabete. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa magonjwa ya mifugo kilichokuwa hapo, ILRAD, ambacho leo ni sehemu ya ILRI, kilitaka kuwachunguza N'Dama. Tafadhali si ndama, ni N'Dama, aina ya ng'ombe wadogo wa Afrika Magharibi wanaoishi na nagana bila kufa. Kuwasafirisha wazima kutoka Gambia ni kusafirisha na magonjwa yao. Wakasafirisha viinitete vilivyoganda, wakaviweka ndani ya majike wa Boran, na N'Dama kumi wakazaliwa Kenya bila mama zao kukanyaga hapa. Kisha wakawachanganya na Boran kwa miaka, wakitafuta siri ya ustahimilivu imejificha wapi kwenye damu. Matokeo yalipochapishwa 2003 ilionekana siri haikuwa ya N'Dama peke yake. Sehemu nyengine za ule ustahimilivu zilitoka kwa Boran. Yaya naye alikuwa na chake!

Na hapa ndipo naomba watu wa Pwani mkae sawa. Boran ni wa nani? Vitabu vya ranchi vitakwambia chama cha wafugaji wa Boran kiliundwa Kenya 1951, na kwamba walowezi ndio waliomchagua na kumkuza. Lakini jina lake ni la Waborana, na walowezi wenyewe waliwanunua kwa wafanyabiashara waliowateremsha kutoka kaskazini. Halafu kuna Boran wa Waorma, wale majirani zetu wa Mto Tana. Miaka ya 1980 watafiti waliwaweka pamoja kwenye ranchi ya Galana, hapa nyuma ya Malindi: Boran wa ranchi upande mmoja, Boran wa Waorma upande mwengine, mbung'o haohao, malisho hayohayo. Wa Waorma waliambukizwa nagana kidogo zaidi na damu yao haikupungua sana kama ya wenzao. Matokeo yakachapishwa 1985. Karne nzima Muorma anachagua fahali wake akipita na mbung'o, bila mtungi wa naitrojeni, bila shahada, na kazi yake ilionekana ni elimu siku ilipopimwa na mtu mwenye koti jeupe.

Boran kwa sasa yuko mbali. Viinitete vyake vilichukuliwa Zambia, ambako alikuwa amepelekwa kutoka Kenya, vikaenda Australia, na ndama wakaingia huko 1990. Afrika Kusini walianza kupokea viinitete vyake miaka hiyohiyo ya 1990, na mnadani kule fahali wa Boran huuzwa kwa pesa ambazo ami yangu angenunulia Takaungu nusu. Sikatai mtu kuuza. Aliyefuga na afaidike. Ninalouliza ni kwamba kwenye cheti cha ukoo wa ng'ombe yule, pale palipoandikwa mfugaji, jina la mwanzo kabisa lingekuwa la nani? Kiinitete ni kidogo, hakionekani kwa jicho, hakipiti bandarini kikilia kama ng'ombe. Meli ya ng'ombe ikitoka Kilindini mji mzima unanusa. Mtungi unapita uwanja wa ndege na hakuna anayegeuka.

Siku hizi kuna ranchi Laikipia na mashamba ya Kitale ambako viinitete ni mambo ya kawaida, na wataalamu wake ni Wakenya, wengine niliwaona kwa macho yangu na wanajua kazi. Serikali za kaunti nazo zimejaribu kurudisha mbegu ya bei nafuu, kila moja kwa namna yake. Mwaka huu bajeti ipo, mwaka ujao mtungi mkavu. Ninachotaka mimi hakihitaji hata kiinitete. Nataka lile gari. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa kabla ya swala, Mtwapa, Takaungu, Kilifi, Ganze, lipite lina mtu au halina. Na ndani ya mtungi wake muwe na Sahiwal, muwe na chotara, na aulizwe Muorma kama yuko tayari kutuuzia mbegu ya fahali wake kwa bei yake mwenyewe, kwa jina lake.

Ami, baada ya ile mara ya tatu, hakupiga simu tena. Alimpeleka ng'ombe kwa jirani Mgiriama mwenye fahali wa kienyeji, mweusi, mfupi, mwenye nundu. Hakulipa kitu, alipeleka mkungu wa ndizi. Ng'ombe akashika mara ya kwanza. Mwezi wa Shaaban akazaa ndama jike, mweusi vilevile, na alfajiri bibi akapigiwa simu aambiwe. Swali lake la kwanza lilikuwa kama baba yake naye yuko Kabete.